Lugha ya Kuuliza Kilicho Bora Kabisa: Programu za Modeli za Hisabati na Nafasi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Zipo lugha ambazo hazina wazawa, hazitungiwi mashairi wala hazisikiki sokoni, lakini zina msamiati, sarufi na maana. Miongoni mwazo ni lugha za kuundia modeli za hisabati, yaani lugha zinazotumika kuieleza kompyuta tatizo la kuchagua lililo bora kabisa kati ya mengi yanayowezekana. Mashirika ya ndege hutumia programu za aina hii kuwapangia marubani safari, na viwanda vya kusafishia mafuta huzitumia kuamua michanganyiko. Mada hii inaeleza utendaji wa programu hizo, kisha inajadili swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili: je, Kiswahili kinaweza kuyaeleza matatizo hayo? Inadaiwa hapa kwamba sarufi ya Kiswahili inatosha. Kinachokosekana ni uamuzi kuhusu istilahi.

2.0 Modeli na Kitatuzi

Modeli ya aina hii ina sehemu kuu tatu: vigeu, lengo na masharti. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye ekari 10 na nguvukazi ya familia ya siku 56 kwa msimu. Ekari ya mahindi huhitaji siku 8 na humpatia shilingi 300,000. Ekari ya alizeti huhitaji siku 4 na humpatia shilingi 200,000. Vigeu ni idadi ya ekari za kila zao. Lengo ni kupata fedha nyingi iwezekanavyo. Masharti ni mawili: ekari zisizidi 10, na siku zisizidi 56.

Akilima mahindi peke yake, siku zitamwishia kwenye ekari ya 7, naye atapata shilingi 2,100,000. Akilima alizeti peke yake, atapata shilingi 2,000,000. Jibu bora kabisa ni ekari 4 za mahindi na 6 za alizeti, ambazo humletea shilingi 2,400,000. Aidha, programu humpa jambo ambalo hakuliuliza, nalo ni thamani ya kila sharti. Siku moja ya ziada ingemwongezea shilingi 25,000, na ekari moja ya ziada shilingi 100,000, mradi ongezeko lisiwe kubwa mno. Kwa hiyo, kibarua anayedai chini ya shilingi 25,000 kwa siku anafaa kuajiriwa; anayedai zaidi ya hapo hafai. Thamani hiyo yaweza kuitwa bei kivuli.

Mfano huu una vigeu viwili tu, hivyo unatatulika kwa kuchora grafu. Matatizo halisi huwa na vigeu maelfu, pengine mamilioni. Mwaka 1939 mwanahisabati wa Urusi, Leonid Kantorovich, alionyesha namna ya kuyakabili matatizo ya upangaji viwandani. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani alibuni mbinu iitwayo simpleksi. Uzito wa kazi hiyo wakati huo unadhihirishwa na tatizo la mlo alilolichapisha George Stigler mwaka 1945: ni vyakula gani, kati ya 77, vinavyotosheleza mahitaji 9 ya lishe kwa gharama ndogo kabisa? Kwa bei za mwaka 1939, Stigler alikadiria dola 39.93 kwa mwaka. Mwaka 1947 tatizo hilo lilitatuliwa kwa simpleksi kwa kutumia mashine za kukokotolea za mezani. Kazi hiyo ilichukua takribani siku 120 za mtu mmoja, na jibu likawa dola 39.69. Leo kompyuta ndogo humaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua. Sehemu ya programu inayofanya ukokotozi huo inaitwa hapa kitatuzi.

3.0 Kutoka Jedwali hadi Sentensi

Kwa muda mrefu kikwazo hakikuwa ukokotozi pekee, bali pia lugha. Kitatuzi kilidai kupewa jedwali la namba. Muundo wa faili uitwao MPS, ulioenezwa na kampuni ya IBM enzi za kadi za kutoboa, uliorodhesha modeli safu wima moja baada ya nyingine, na majina ya vigeu hayakuruhusiwa kuzidi herufi 8. Mtaalamu aliandika tatizo kwa aljebra, kisha akatunga programu nyingine ya kuligeuza kuwa jedwali. Kosa likiingia katika ugeuzaji huo, halikuonekana kwa urahisi, kwa kuwa jedwali halikusomeka na binadamu.

Katika miaka ya 1970, Alexander Meeraus na wenzake katika Benki ya Dunia walianza kuunda GAMS, lugha iliyomwezesha mchumi kuandika milinganyo karibu kama anavyoiandika kwenye karatasi. Katikati ya miaka ya 1980, Robert Fourer, David Gay na Brian Kernighan walibuni AMPL katika maabara za Bell. Baadaye zilikuja programu huria, kama vile GLPK, ambayo lugha yake ni sehemu ya AMPL.

Kwa mwanaisimu, lugha hizi zina sifa mbili za kuzingatiwa. Kwanza, lugha nyingi za kompyuta hutoa amri: fanya hiki, kisha kile. Modeli, kwa upande wake, hutaja hali inayotakiwa, na njia ya kuifikia huachiwa kitatuzi. Pili, AMPL hutenga modeli na data. Modeli ya mkulima huandikwa mara moja, kisha hulishwa takwimu za shamba lolote, kama vile kanuni moja ya sarufi izaavyo tungo nyingi.

4.0 Sarufi ya Sharti

Upangaji wa mstari umefundishwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya, na aghalabu kwa Kiingereza. Hapo hutokea kosa la kawaida. Tungo ya Kiingereza yenye maana ya "angalau" imebeba ndani yake neno lenye maana ya "kidogo kabisa". Mwanafunzi hulivamia neno hilo na kuandika alama ya upungufu mahali pa alama ya kuzidi.

Kiswahili kina njia isiyo na mtego huo. Katika tungo "siku zisizidi 56", neno moja la kitenzi lina kiambishi cha upatanisho kinacholiunganisha na "siku", kikanushi, na hali ya matilaba inayoonyesha kwamba hili ni sharti, si taarifa. Zaidi ya hayo, 56 yenyewe inaruhusiwa, kama hisabati inavyotaka. Kinyume chake ni "zisipungue". Jozi hii ya vitenzi inatosha kueleza masharti yote ya aina hiyo.

Hata hivyo, Kiswahili cha kawaida kina utata wake. "Kila kijiji kihudumiwe na gari moja" yaweza kumaanisha kila kijiji na gari lake, au gari lile lile kwa vijiji vyote. Tofauti hiyo ni bajeti nzima ya wilaya. Lugha ya modeli humlazimisha mwandishi kuchagua, nalo ni zoezi zuri la semantiki.

5.0 Suala la Istilahi

Istilahi tatu zinahitaji uangalifu. "Kikwazo" hudokeza jambo baya la kuondolewa, ilhali mahitaji ya lishe si kikwazo. "Sharti" linafaa zaidi. "Uboreshaji" humaanisha kufanya kiwe bora kuliko kilivyokuwa, na mtu aweza kukomea njiani. Kinachotafutwa hapa ni kile ambacho hakuna kinachokishinda, na kitatuzi hutoa uthibitisho wake. Kwa sababu hiyo "ubora upeo" lafaa kufikiriwa. Tatu, neno "programu" katika jina la Kiingereza la taaluma hii halikuhusu kompyuta: lilitokana na mipango ya jeshi la anga la Marekani. Anayetafsiri kwa "programu" anatafsiri sauti. "Upangaji" ndiyo maana. Kwa upande wa "kitatuzi", neno hili linafuata mkondo wa "kikokotozi" lililokwisha kuzoeleka.

6.0 Hitimisho

Programu hizi hujibu swali lililoandikwa, si lililokusudiwa. Akosaye lugha ya kuandika lengo lake hupokea jibu la lengo la mwingine: mpango wa shamba, wa mabasi au wa dawa hospitalini. Ndiyo maana kazi ya istilahi si pambo la taaluma. Wanaisimu wakikaa pamoja na walimu wa hisabati na kukubaliana juu ya maneno machache, mwanafunzi ataweza kuliandika tatizo la kijiji chake kwa lugha anayolifikiria, kabla ya kulikabidhi kwa mashine.