Maji ya Ziwa Yamefika Nzega, Ndoo Zingali Vichwani

Kwa miaka mingi aliyeuliza hali ya maisha ya Nzega alijibiwa kwanza habari za maji. Mvua za huku ni za msimu mmoja, baina ya Novemba na Aprili, kisha ardhi hukauka. Misafara ya Unyanyembe iliyokwenda ziwani, ukiwamo wa Mwingereza Speke mwaka 1858, ilipita nchi hii ya Wanyamwezi ikitafuta kambi penye maji. Karne moja na nusu baadaye, akina mama walikuwa wangali wakiamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwahi foleni kisimani.

Tunamshukuru Mola kwamba hali hiyo imeanza kubadilika. Kwa mkopo wa dola milioni 268.35 kutoka Benki ya Exim ya India, bomba la maji ya Ziwa Victoria lilirefushwa kutoka Solwa, Shinyanga, hadi Tabora, Igunga na Nzega, na mwaka 2021 mradi ukazinduliwa. Hii ni neema kubwa, wala hatuoni sababu ya kuibeza.

Hata hivyo, bomba kupita mtaani si maji kuingia nyumbani. Kuna gharama ya kuunganishwa na kuna ankara ya kila mwezi. Tunawajua akina baba wenye simu mbili mfukoni ambao hawajavuta maji, na binti zao huchelewa shule kwa sababu ya ndoo. Huyo hana udhuru wa ufukara.

Vijiji vilivyo mbali na bomba vina habari nyingine. Huko wahisani wetu, wengine kutoka ng'ambo, huchimba visima kwa nia ya sadaka yenye kuendelea, wakifuata nyayo za Sayyidna Uthman aliyekinunua kisima cha Ruma na kukitoa wakfu. Kibao chenye jina la marehemu huwekwa vizuri. Pampu ikiharibika, hakuna fedha ya kipuri wala fundi aliyefunzwa, na watu hurudi kwenye dimbwi wanalonywea ng'ombe.

Ndiyo maana tunaziomba kamati za misikiti, kabla ya kupokea kisima kipya, zifufue kile kilichokufa. Wateuliwe watu wawili waaminifu, mmoja wao mwanamke, kwani ndiye anayeteka. Kila kaya itoe mchango mdogo baada ya mavuno, na hesabu isomwe hadharani baada ya swala ya Ijumaa.