Horlicks: Kinywaji cha Kimea na Maziwa Kilichoenea Duniani

Horlicks ni unga unaotokana na kimea cha shayiri, unga wa ngano na maziwa, ambao hukorogwa katika maji au maziwa ya moto na kunywewa na mamilioni ya watu katika mabara kadhaa. Historia yake, iliyoanza katika karne ya 19, inastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa inaonyesha namna chakula kilichobuniwa kwa ajili ya watoto wachanga na wagonjwa kilivyopewa kazi tofauti katika kila nchi kilikofika, na namna matangazo ya biashara yalivyokuja kuahidi mengi kuliko yale ambayo chakula chenyewe kiliweza kutoa.

Waanzilishi wake walikuwa ndugu wawili kutoka Gloucestershire, Uingereza. William Horlick alihamia Marekani mwaka 1869, na nduguye James, aliyekuwa mfamasia, akamfuata mwaka 1873, ndipo wakaanzisha kampuni yao mjini Chicago kabla ya kuihamishia Racine, katika jimbo la Wisconsin. Wakati huo maziwa yalikuwa chakula cha hatari, kwa sababu majokofu hayakuwa yameenea na maziwa yaliyochacha au kuchafuliwa yaliwaua watoto wengi mijini. Mwaka 1883 ndugu hao walipata hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi, kwa njia ya kukausha maziwa pamoja na kimea hadi yawe unga unaohitaji kutiwa maji tu.

Siri ya unga huo imo ndani ya kimea, yaani nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa kabla mche haujakua. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, na kimojawapo, kiitwacho amilesi, huvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari nyepesi aina ya maltosi. Kimea cha shayiri na unga wa ngano huchanganywa na maji ya uvuguvugu ili vimeng'enya vifanye kazi yake, majimaji matamu yanayopatikana huchujwa na kuunganishwa na maziwa, kisha mchanganyiko huo hukaushwa katika vyombo vilivyopunguzwa hewa, ambamo maji hutoka kwa joto dogo bila kuunguza maziwa.

Ukavu huo ndio uliofungua njia za dunia. Unga usioharibika upesi, mwepesi kubeba na mwingi wa nguvu uliwafaa wasafiri na wapelelezi wa maeneo ya barafu, na Richard Byrd, ambaye safari yake ya Antaktika ya miaka ya 1933 hadi 1935 ilifadhiliwa kwa sehemu na William Horlick, aliipa safu moja ya milima ya bara hilo jina la mfadhili wake. Nchini Marekani kinywaji hiki kiliingia katika kaunta za vinywaji baridi zilizokuwa ndani ya maduka ya dawa, na mwaka 1922 Ivar Coulson, mfanyakazi wa maduka ya dawa ya Walgreens mjini Chicago, alikichanganya na aiskrimu ya vanila, hatua iliyokigeuza chakula cha wagonjwa kuwa kiburudisho cha vijana.

Uingereza, ambako kiwanda cha Slough kilifunguliwa mwaka 1908, ilikifahamu zaidi kama kinywaji cha kabla ya kulala. Katika miaka ya 1930 matangazo yalidai kwamba watu huamka wakiwa wachovu kwa sababu ya "njaa ya usiku", hali ambayo haikuwa ugonjwa unaotambuliwa na matabibu bali ilibuniwa ili kuuza bidhaa. Bara Hindi, kwa upande wake, lilikipokea kama kinywaji cha asubuhi cha familia na cha kuwakuza watoto. Kiwanda cha Nabha, katika jimbo la Punjab, kilianza uzalishaji mwaka 1960 kikitumia maziwa ya nyati wa kufugwa, na India ikawa soko kubwa kuliko yote la Horlicks, kiasi kwamba mwaka 2020 kampuni ya Hindustan Unilever iliichukua biashara hiyo kwa mabilioni ya dola.

Mafanikio hayo yalizaa jamaa wengi. Ovomaltine, inayojulikana pia kama Ovaltine, ilitokea Bern, Uswisi, mwaka 1904, nayo Milo, ambayo wanunuzi wa Afrika Mashariki huiona madukani, ilibuniwa Australia na Thomas Mayne mwaka 1934, zote mbili zikiongeza kakao kwenye kimea na maziwa.

Hata hivyo, umaarufu si uthibitisho wa ubora. Mwaka 2008 mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza ilikataza tangazo lililodai kwamba Horlicks huwafanya watoto kuwa warefu, wenye nguvu na werevu zaidi, na mwaka 2024 kampuni inayoimiliki nchini India iliacha kuiweka katika kundi la vinywaji vya afya. Ni kweli kwamba unga huu una nguvu, protini na vitamini zinazoongezwa kiwandani, lakini una pia sukari nyingi, hivyo mzazi anapaswa kusoma maelezo ya kopo kabla ya kuziamini picha zake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuitazama historia hii. Wachagga wamekitumia kimea cha ulezi kutengeneza pombe ya mbege tangu zamani, togwa hupata utamu wake kutokana na kimea kilichotiwa katika uji, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini Tanzania walihimiza kutia unga wa kimea kidogo katika uji mzito wa watoto, ili ulegee na kumezeka bila kuongezwa maji yanayopunguza virutubisho. Kanuni iliyowatajirisha ndugu wa Horlick ni ile ile inayofanya kazi katika vyungu vya vijijini, na utafiti na heshima inayopewa bidhaa za kopo ingefaa itolewe pia kwa ujuzi huo, ambao hugharimu kidogo na unaweza kumlisha vizuri mtoto ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kununua kopo.