Bwana Marekani, bibi Goma: fomu ya kodi ijazwe vipi?

Kabla ya tarehe 15 Aprili kila mwaka, Mkongomani anayefanya kazi Marekani hujaza fomu ya kodi. Mwenye bibi aliyebaki Goma anaweza kushawishika kuandika kwamba hajaoa. Sheria ya kule haikubali: ndoa ni ndoa, hata bibi akiwa Birere.

Kwa kawaida anajaza peke yake kama mtu aliyeoa. Kwa mapato ya 2025, dola 15 750 hazitozwi kodi. Wakijaza pamoja zinakuwa 31 500, ila faida ya duka la bibi Goma nayo itangazwe, na wote wawili watie saini. Anayelea mtoto kulekule huweza kujaza kama mkuu wa nyumba. Watoto walio Goma hawamsaidii hapo.

Ugumu ni namba ya kodi ya bibi. IRS, idara ya kodi ya Marekani, inataka paspoti yenyewe au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa. Fotokopi tu haitoshi. Asiye na paspoti huweza kutumia hati mbili, kama kadi ya mpiga kura na cheti cha kuzaliwa. Lakini kadi hiyo ndiyo kitambulisho chake cha kila siku, na ikitumwa Marekani inaweza kukaa huko majuma mengi.