Mvua, Kijito na Mtungi: Utafiti wa Maji katika Shule za Ole

Vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki vimeshughulika kwa miaka mingi na swali moja: mvua ikinyesha kiasi fulani, mto utapata maji kiasi gani? Jibu lake hutafutwa kwa kielelezo, yaani hesabu inayoiga safari ya maji kutoka mawinguni hadi mtoni. Walimu wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya wataalamu wenye mitambo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kiini chake chaweza kufundishwa Ole, kisiwani Pemba, kwa kopo, kamba na saa. Na kwamba kiini hicho ni mazoea ya kutabiri kwanza, kisha kupima.

Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na katika mabonde hayo hulimwa mpunga. Vijito vyake ni vifupi, hivyo athari ya mvua huonekana upesi, wala haihitaji kungojewa kwa majuma kama katika mito mikubwa ya bara. Mwanafunzi ajuaye kusoma kijito chake hujifunza jambo linalohusu chakula cha nyumbani kwao.

1. Vipimo viwili

Kipimo cha kwanza ni cha mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka huwekwa mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa tatu asubuhi kina cha maji hupimwa kwa rula, huandikwa kwa milimita, kisha maji humwagwa. Mwalimu aeleze maana ya tarakimu hizo: milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1, na katika hekta 1 ni lita 10,000.

Kipimo cha pili ni cha kijito. Wanafunzi wachague sehemu iliyonyooka, wapime upana na kina chake, kisha waweke kijiti majini na kuhesabu sekunde kinazotumia kupita mita 10. Tuchukue mfano. Upana ni mita 1.5 na wastani wa kina ni mita 0.2, eneo la mkato ni mita za mraba 0.3. Kijiti kimetumia sekunde 20, basi mwendo wa juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole zaidi kwa kusuguana na ardhi, hivyo tunazidisha kwa 0.8 na kupata mita 0.4. Mtiririko ni 0.3 mara 0.4, yaani lita 120 kwa sekunde. Kazi hii isifanywe kabisa wakati wa mafuriko.

2. Kutoka kipimo hadi kielelezo

Baada ya majuma machache, mwalimu aulize: "Kesho ikinyesha milimita 30, kijito kitakuwaje?" Wengi watajibu kwamba mvua ile ile huleta maji yale yale. Waandike utabiri wao, kisha wangoje. Kwa kawaida wataona kwamba mvua ya mwanzo wa masika, baada ya ukavu wa kaskazi, hukiongezea kijito maji machache tu, ilhali mvua kama hiyo mwishoni mwa masika hukijaza.

Hapo ndipo mtungi unapohitajika. Ardhi ya bonde ni kama mtungi wenye tundu dogo ubavuni. Mvua huujaza, jua na mimea huupunguza, tundu hulisha kijito polepole hata siku zisizo na mvua. Ukijaa hufurika, na maji yote yanayozidi huteremka mara moja. Vielelezo vingi vya vyuo vikuu ni mitungi ya namna hiyo, mmoja au kadhaa, iliyoandikwa kwa hesabu.

Lakini kielelezo kizuri machoni si lazima kiwe cha kweli. Watafiti hugawa vipimo vyao mafungu mawili: fungu moja la kukiundia kielelezo, jingine la kukijaribia. Mwalimu na afanye vivyo hivyo. Vipimo vya nusu ya pili ya masika vichukuliwe na kundi moja na kuwekwa kando. Kundi jingine litabiri kwa mtungi wake, kisha daftari mbili zilinganishwe mbele ya darasa. Utabiri ulioshindwa usifutwe, kwani ndio unaofundisha mahali mtungi unapohitaji kurekebishwa.

3. Mafunzo kutoka Usangu

Umuhimu wa mazoea haya ulionekana katika bonde la Usangu, Tanzania Bara. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi, na lawama zikaelekezwa huku na huku: kwa wafugaji, kwa wakata miti, kwa upungufu wa mvua. Utafiti wa SMUWC, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa na mifereji ya mashamba wakati wa kiangazi. Baadaye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishirikiana na wataalamu wengine katika mradi wa RIPARWIN, ulioanza mwaka 2001.

Kutoka huko twapata zana nzuri ya darasa. Bruce Lankford, wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, alibuni mchezo wa gololi. Ubao wenye mfereji huinamishwa, gololi huteremka kama maji, na wachezaji huweka vijiti kuzichepusha zielekee mashambani mwao. Punde walio chini hubaki mikono mitupu. Wakulima wa Usangu waliucheza, wakajadiliana namna ya kugawana maji. Ubao kama huo waweza kutengenezwa na seremala yeyote.

4. Neno kwa mwalimu

Msimu mmoja hautoshi kukijua kijito. Daftari la vipimo lisiondoke na darasa linalohitimu, bali likabidhiwe darasa linalofuata, pamoja na utabiri wake wote, uliofaulu na ulioshindwa. Pale maji yatakapopungua bondeni, au ya bahari yatakapopanda mashambani, kijiji kitakuwa na vipimo vyake cha kuvitazama kabla ya kumlaumu mtu.