Siku Mashine Zitakapofanya Kazi Zote

Katika mdahalo wa muhula huu tuliulizwa: siku mashine zitakapofanya kazi zote, na kila mtu akapata chakula, maji na umeme tele, je, binadamu atahitaji bado kupambana na magumu? Walioshinda walisema kwamba mtu asiyepata taabu hulegea. Sikuridhika, na zamu ya kusema haikunifikia. Kwa hiyo wasomaji wapenzi naomba mnisikilize hapa.

Kwanza, tusidhani neema hiyo imekwisha fika mlangoni. Sisi wa Mlali tu jirani na Kongwa, ambako mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta mengi ili kulima karanga. Mpango wote ulikuwa wa eka zaidi ya milioni 3. Visiki na mizizi ya vichaka vilivunja majembe, mvua ikakosekana, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Mgogo yeyote aliyelima mtama na uwele hapa angaliweza kuwaeleza habari za mvua yetu, ambayo huanza Desemba na kwisha Aprili, na mwaka mwingine hukatika katikati.

Haya, tuseme neema imekuja. Bwana Keynes, mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, aliandika mwaka 1930 kwamba baada ya miaka 100 watu watafanya kazi saa 15 tu kwa juma, na shida yao itakuwa namna ya kuutumia wakati. Miaka hiyo inakaribia kutimia, na mama yangu bado anaamka saa kumi alfajiri.

Nionavyo mimi, wenzangu walichanganya mambo mawili. Kuchota maji mbali ni taabu. Ndoo nimeibeba kichwani tangu darasa la pili, nayo ilinifundisha kubeba ndoo. Hesabu nilifundishwa darasani, siku nilizowahi kufika. Kijijini kwetu ilipoletwa mashine ya kusaga, sikusikia mama hata mmoja akililia jiwe la kusagia, wala sijaona aliyelegea kwa ajili hiyo. Taabu ya namna hii ikiondoka, na iende.

Bao ni jambo jingine. Watazameni wazee baada ya mavuno mema, ghala zikiwa zimejaa. Huketi kivulini mbele ya mashimo 32 na kete 64, ambazo haziliwi wala haziuzwi, na kila mmoja humtafuta mwenziwe awezaye kumfunga. Aliyekosa mshindani hodari huwa mnyonge mchana kutwa! Ugumu huo hawakuletewa na ukame. Wameuchagua wenyewe, na wakichoka huinuka wakaenda zao. Ndivyo alivyofanya Filbert Bayi mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alipokimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaweka rekodi ya dunia, ingawa magari yalikuwapo tele.

Lakini bao huchezwa na aliyeshiba, tena mwenye nafasi. Mdogo wangu wa kike ananipita kwa akili ya hesabu. Saa hii ninapoandika bwenini kwa taa ya umeme, yeye yumo katika foleni ya maji na madumu mawili. Ningependa sana kujua angechagua magumu gani, kama jioni zingekuwa zake.