Dhima ya Protini za Kiunzi cha Nje ya Seli katika Mifupa na Meno: Mifano kutoka Tanzania

Makala hii inafafanua dhima ya protini za kiunzi cha nje ya seli katika mifupa na meno. Kiunzi hicho ni mkusanyiko wa protini ambazo seli huzitoa na kuzipanga nje ya mipaka yake, na ndani yake hujengeka madini ya kalisi na fosfeti. Hoja kuu ni kwamba mfupa hubaki na protini zake maisha yote, ilhali tabaka la nje la jino huzipoteza kabla jino halijachomoza. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini madhara ya floraidi katika meno ya mtoto hayaponi yenyewe.

Nafasi ya protini katika mfupa huweza kuonekana bila maabara. Mwalimu wa sekondari huko Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, anahitaji mifupa miwili tu ya paja la kuku. Wa kwanza akiuloweka katika siki kwa siku kadhaa, asidi huyeyusha madini na mfupa hupindika kama mpira. Wa pili akiuchoma hadi uwe mweupe, protini huungua na mfupa husagika kwa urahisi. Kwa hiyo, madini huupa mfupa ugumu, nayo protini huuwezesha kuhimili mshtuko bila kuvunjika.

Takriban asilimia 90 ya protini za mfupa ni kolajeni ya aina ya kwanza, ambayo nyuzi zake tatu husokotwa pamoja mithili ya kamba. Msokoto huo hauwi imara bila vitamini C. Ndiyo maana mgonjwa wa kiseyeye hutokwa damu kwenye fizi na meno yake hulegea. Aidha, mfupa hubomolewa na kujengwa upya daima, hivyo uliovunjika huunga.

Dentini, yaani sehemu ya ndani ya jino, nayo imejengwa juu ya kolajeni. Enameli ni tofauti. Protini yake kuu, amelojenini, huongoza ukuaji wa fuwele za madini, kisha vimeng'enya huikatakata na kuiondoa ili madini yajaze nafasi yake. Enameli iliyokomaa huwa na madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Seli zilizoijenga hupotea jino linapochomoza, hivyo hakuna fundi wa kurudi kuikarabati.

Hapo ndipo floraidi inapoingia. Katika maeneo yaliyo chini ya Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, miamba ya volkano huongeza floraidi katika maji. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati enameli yake inajengwa, hasa kabla ya umri wa miaka 8, protini zake huchelewa kuondolewa. Enameli hubaki na vitundu, nayo huonesha madoa meupe au ya kahawia. Kijana anayeziba mdomo akicheka hakukosa mswaki. Alikosa maji salama utotoni.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeendeleza uchujaji wa maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa, protini zake huungua, na madini yanayobaki hunasa floraidi. Yaani mfupa wa ng'ombe huinasa floraidi kabla haijaufikia mwili wa mtoto.

Hitimisho ni kwamba kinga haina budi kutangulia jino. Mkoa wa Songwe unapakana na Ziwa Rukwa, lililomo ndani ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo ni busara kila kisima kipya kipimwe floraidi kabla ya kutumiwa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea.