Virginia McKenna: Kutoka Jukwaani hadi Naro Moru

Virginia McKenna, mzaliwa wa London (1931), alikwisha kupata sifa jukwaani na katika filamu alipokuja Naro Moru, Nyeri, kuigiza nafasi ya Joy Adamson katika filamu ya Born Free (1966). Yeye na mumewe, Bill Travers, waliigiza pamoja na simba halisi. Baadaye waliigiza na mwanandovu Pole Pole, aliyekamatwa awe zawadi ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Waliomba kumnunua, walipoelezwa kwamba mwingine angenaswa badala yake, wakaacha. Pole Pole alikufa London mwaka 1983. Mwaka 1984 wakaanzisha shirika la Zoo Check, lililokuja kuitwa Born Free Foundation. Hivyo basi, thamani ya uigizaji haipimwi kwa makofi ya ukumbini pekee.